Batoto benye mashini ilikatala

Ku maternité yetu hapa Bukavu, fasi bamama banazalia, zamani nilikuwa naandika sheria za fomu za ordinateur, ile kompyuta yetu, moja moja: uzito wa mutoto usipite hapa, tarehe isiwe ya kesho. Kazi ya wazimu. Hakuna mutu alinifundisha, nilijifunza mwenyewe ku téléphone. Njo nikatengeneza makro: naandika sheria mara moja mu tableau kidogo, jedwali tu, nafinya kibonye, inajibandika yenyewe ku fomu zote. Ku kila mustari nikaweka "lazima". Jina lazima, postnom ya ukoo lazima, prénom yenye mutoto anapewa kisha kuzaliwa lazima. Nilijisikia mukubwa, sidanganye.

Kisha miezi tatu, docteur mukubwa akaita maman mwenye kuzalisha, ule alinitafutia hii kazi wakati sikukuwa na kitu.

"Maman, mu ordinateur hakuna mutoto hata moja alikufa. Miezi tatu! Unatufichia nini? Mimi nitakufukuza leo."

Nikasikia ku mulango, nikaingia bila hodi. "Docteur, huyu maman hafiche kitu! Ukimufukuza, na mimi naenda!"

"Wewe kijana, hiyo kinywa itakuua."

Maman akatoa daftari yake. Akafungua hiyo cahier. Batoto saba benye balikufa, ameandika kwa mukono yake. Jina ya papa, postnom, na pa prénom, kamustari tu. Balikufa mbele ya kupewa prénom. Fomu ilikatala kubahifadhi.

"Maman, juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia, mwana. Ukanipigia kelele mbele ya bamama bagonjwa: 'Jaza yote, maman, mashini haikosake!'"

Ni kweli. Nilisema vile, na nilicheka.

"Docteur, ni mimi," nikasema. "Ni sheria yangu."

Akaniangalia sana. "Ile mashini ya oxygène, ya kusaidia batoto kupumua, tuliomba kwa bakubwa ba afya, balitunyima. Balisoma hesabu ya ordinateur, balisema ku maternité yetu batoto habafe." Akageukia maman: "Rudia ku kazi, maman. Unisamehe."

Kubadirisha sheria ilikuwa mustari moja: kama mutoto amekufa, prénom si lazima. Makro ikaibandika kila fasi, hata dakika haikuisha. Maman akaikala pembeni yangu na cahier, akaanza kusoma, mimi naandika. Mutoto wa mama wa Kavumu, aliishi siku mbili. Mutoto wa mama wa Kalehe, aliishi saa moja tu.

Pa kila moja ananingojea nifinye kibonye.

"Imekubali?"

"Imekubali, maman."

"Haya. Andika mwingine."