Siku mimi na Boke tulipokimbizwa kama wezi wa ng'ombe, kisa mazoezi ya asubuhi

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa wote humu, shikamooni.

Naleta jambo lililonikuta mwenyewe, nyumbani kwetu Tarime, likizo iliyopita. Hakuna chai wala uongo hapa, ni maji ya moto tu. Kama humu yupo mtu wa upande wa Genkuru, huenda na yeye alikimbia asubuhi ile. Namwomba radhi kwa usingizi wake.

Tahadhari kidogo: mimi ni mwandishi wa riwaya. Niko kwenye kundi la vijana wanaosomeana kazi zao Jumamosi na kugombania nukta na mkato. Nikianza habari za ukungu, nivumilieni. Nitarudi.

Twende.

Kaka yangu Marwa ana duka la vipuri jirani na mgodi. Mambo yamemnyookea. Uani kuna bomba, jikoni kuna gesi, na friji haikosi soda. Binti yake mkubwa, Boke, yuko kidato cha pili.

Zamani Boke alikuwa mtoto wa mteremko. Alishuka mtoni na ndoo, akapanda nayo akiimba. Alikwenda shule kwa miguu, akirudi anawapeleka ndama majanini.

Sasa maji yanakuja yenyewe. Ng'ombe wana mchungaji wa kulipwa. Shule anapelekwa na bodaboda mpaka getini.

Yaani kaka alimpenda mwanawe mpaka akamwondolea kila mwendo.

Nilipofika nilimkuta Boke amenenepa sana. Sisemi kwa kejeli. Kilichonishtua haukuwa mwili, lilikuwa pazia. Mchana kweupe, jua limejaa kilima kizima, yeye yuko chumbani, pazia limeshushwa, simu usoni.

Mezani aliusukuma ugali pembeni, akasema ameshiba. Kumbe ndio mtindo wake. Mchana anajinyima, jioni njaa ikimshinda anamaliza biskuti na soda peke yake, halafu analia.

Nikaenda kukaa kitandani kwake.

"Shangazi, mimi shule sirudi."

"Kisa?"

"Wananiita Tenki. Nikipita wanagonga madawati, wanasema, sikilizeni, limejaa."

 Nilijua shule ikifunguliwa bila yeye, habari itakuwa imeisha. Kwetu binti akikaa nyumbani muda mrefu, wageni huanza kupita barazani na kusifia zizi la baba yake. Mnanielewa, ni posa hiyo.

Nikampeleka zahanati. Nilitegemea dawa, au orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Nesi, mama mmoja mtulivu, alizungumza naye kwanza, mimi akaniacha kwenye benchi. Kisha akaniita.

"Huyu bado anakua. Asishinde na njaa, na msimpimepime kila siku. Hatutaki kumkondesha. Tunataka asimame hapo alipo, urefu uje umkute."

Urefu uje umkute. Wakuu, mimi nalipwa kwa kupanga maneno na sijawahi kuandika sentensi nzuri kama ile.

Akaendelea: ale na wenzake, mboga ziwe nyingi, soda iwe ya sikukuu, alale mapema bila simu. Na kila siku mwili utembee mpaka utoe jasho, kwa jambo analolipenda yeye.

Hilo la mwisho nililisikia nusu. Nilisikia jasho. Neno "analolipenda" likapita na upepo.

Nyumbani, mama yangu mzazi, yaani bibi yake Boke, hakutaka hata kusikia.

"Mtoto amenona, nyumba ina baraka, nyie mnamtafutia ugonjwa! Huko mjini mmezoea watu kama fito za kujengea. Wewe mwenyewe upepo ukivuma itabidi tukufunge kamba."

"Mama, nesi amesema..."

"Nesi amezaa wangapi?"

Basi nikapanga jogging ya siri. Alfajiri, kabla watu hawajaamka, ili Boke asionwe na mtu. Sharti hilo alilitoa yeye.

Alfajiri ya kwetu, wakuu. Ukungu unapanda kutoka mtoni taratibu, unafunika migomba, unafunika mapaa, mwisho zinabaki sauti tu. Ng'ombe anapumua mahali fulani na pumzi yake ina harufu ya majani. Moshi wa jiko la kwanza. Tulikuwa kama watu wanaokimbia ndani ya maziwa.

Boke alivaa tracksuit nyeusi ya baba yake, kofia yake ya kushonwa shingoni ameivuta mpaka machoni, earphone masikioni. Mimi sweta jeusi, kofia vilevile.

Watu wawili wenye kofia. Wanakimbia gizagiza. Wametokea upande wa mazizi.

Mtu wa Tarime anayesoma hapa ameshaanza kucheka.

Kwa wasiojua: kwetu mtu hakimbii alfajiri bure. Anayekimbia saa hizo, ama ng'ombe wake wameibwa, ama yeye ndiye ameiba. Yowe likipigwa, boma la kwanza linalipokea, linalipeleka kwa la pili, mpaka vilima vyote vinalia. Wanaume wanatoka na marungu na mapanga kwenda kufunga njia. Kulala wakati yowe linalia ni aibu utakayozikwa nayo.

Mimi nimezaliwa pale. Nayajua yote hayo. Lakini mjini nilikuwa nimezoea kuwaona watu wakikimbia asubuhi bila kukimbizwa na mtu.

Jirani yetu Mzee Mwita alikuwa zizini anakamua. Akaona vivuli viwili vinapita kwenye ua wake. Akauliza, "Nani hao?" Boke ana earphone. Mimi sina pumzi hata ya kusema jina langu.

Tukapita.

Tulikuwa tumeshafika kona ya chini tuliposikia yowe nyuma yetu.

Boke akang'oa earphone. Akasimama. Macho yakamtoka.

"Shangazi! Ng'ombe wameibwa!"

Na kabla sijafungua mdomo, akatupa kofia nyuma, akaweka kiganja mdomoni, akalipokea yowe lile na kulipeleka mbele. Sauti yake ilitoka kifuani yote. Mtoto ambaye kwa wiki nzima alikuwa akininong'oneza nyuma ya pazia. Kilima cha pili kikamjibu. Cha tatu kikajibu cha pili.

Hivyo ndivyo tulivyojipigia yowe sisi wenyewe.

Milango ikafunguka. Watu wakatiririka kuelekea kivukoni, maana ndiko wezi hupita. Na sisi tukaingia kundini kuwafuata wezi.

Nilibaki nyuma mapema, mbavu nimezishika. Lakini nilimwona Boke. Alikuwa katikati ya wanaume, anaruka mfereji, anakata kona, umande unamrukia magotini. Alikuwa amesahau. Mwili ule aliokuwa anauficha kama kosa ulikuwa unamchukua kule alikotaka kwenda. Ukungu ulifunguka mbele yake na kujifunga nyuma yake, na kwa muda mfupi nilimwona yule mtoto wa mteremko mwenye ndoo.

Kivukoni hakukuwa na ng'ombe wala mwizi. Mto ulikuwa unapita tu, hauna habari.

Wakarudi kwa Mzee Mwita kuhesabu. Ng'ombe wote wapo. Ndama wote wapo.

Mzee akawapeleka pale uani palipo na udongo laini, akainama.

"Walikuwa wawili. Huyu wa kwanza mwepesi, anaburuta miguu. Amechoka kabla hajaanza."

Nikatazama juu, kama mtu anayetafuta ndege.

"Na huyu wa pili mzito."

Soli za raba za Boke zina maua. Maua yalikuwa yamechorwa pale udongoni, wazi kabisa. Macho yakaanza kushuka, mtu mmoja mmoja, mpaka yakafika miguuni pake.

Kijana mmoja wa darasani kwao, Chacha, ndiye aliyepasuka. "Kumbe ni Tenki!"

Watu wakacheka. Kicheko cha usingizi na hasira. Niliuona mkono wa Boke ukiifuata ile kofia mgongoni, na nikajua ikishashuka machoni haitapanda tena.  

Mzee Mwita hakuwa amecheka. Alikuwa bado ameinama, anapima udongo kwa fimbo yake.

"Nyamaza wewe. Unacheka nini? Mtoni ulifika? Nilikupita pale mferejini umeshika kiuno kama mama mjamzito."

Watu wakamgeukia Chacha.

"Njooni muone. Hatua hii hapa, na hii hapa. Ndefu. Imekanyaga sawa, haiyumbi. Mwizi wa namna hii tungemfuata mpaka Sirari kule mpakani tukarudi na vumbi lake tu." Kisha akainua kichwa. "Na nani aliyepokea yowe langu la kwanza? Nilisikia sauti pale chini."

Boke akasogea mbele.

"Ni mimi, babu," Boke akasema.

Mzee akamtazama. Akatazama nyayo. Akamtazama tena.

"Mwizi amejipigia yowe mwenyewe!"

Hapo kilima kilicheka kweli. Lakini kilikuwa kicheko kingine, cha watu wanaocheka pamoja, na Boke alikicheka mpaka akakaa chini kwenye maua yake mwenyewe. Mkono uliiacha kofia.

Mama alifika mwisho, kanga imefungwa upande, amebeba mwiko wa ugali kama silaha. Alipoelezwa akaushusha mwiko. Alituongoza nyumbani bila kugeuka, akaingia ndani, tukasikia sanduku linaburutwa.

Akatoka na njuga. Zile za kuvaa vifundoni, za ngoma, chuma chake kimekuwa cheusi kwa miaka.

"Wakati wa usichana wangu nikizivaa hizi, vijana wa Kenyamonta walikuwa wanavuka mto kuja kunitazama. Nilikuwa na mwili kama huo huo wako. Ila haukukaa bure." Akapiga magoti, akamfunga mjukuu wake mguuni. "Kimbia nazo. Wakisikia mlio watajua si mwizi. Na wewe fito, za kwako tafuta."

Wakuu, mambo yalianzia hapo.

Asubuhi iliyofuata njuga zilishuka kilima ndani ya ukungu, na hakuna aliyepiga yowe. Siku chache mbele kukawa na mlio wa pili, binti wa jirani. Kisha wa tatu. Chacha alikuja na kengele ya mbuzi, anajifanya ametumwa dukani.

Wengine walichoka kukimbia, wakaigeuza kuwa risaga, ile desturi yetu ya kulimiana mashamba kwa zamu, nyimbo juu. Wengine waliwapeleka ng'ombe mtoni wenyewe, mchungaji anawatazama kwa mashaka. Nyumbani soda zilihamia kwa wageni. Boke alianza kula nasi, sahani ya mboga anaigombania na bibi yake. Marwa aligoma kukimbia, ila alikubali kwenda dukani kwa miguu na mwanawe, akihema kama tairi lenye pancha.

Msiniulize kilo. Hatukupima. Niliona tu kwamba lile pazia lilikuwa linabaki wazi.

Halafu ikafika asubuhi ya kufungua shule.

Bodaboda alikuja kama kawaida, akapiga honi. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko, chai imenipoa mkononi. Mlango wa Boke ukafunguka. Sare. Soksi nyeupe. Na juu ya soksi, njuga.

"Nitazivua getini, shangazi. Usiniangalie hivyo."

Akamkabidhi bodaboda mkoba.

"Kaka, leo beba begi tu."

Akashuka. Ukungu ukamchukua miguu, ukamchukua mgongo, ikabaki sauti. Mama alikuwa ametoka, amesimama karibu yangu, anasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya zamani. Tukasikia njuga nyingine zinaungana kule chini. Kisha kengele ya mbuzi, imechelewa, inapaparika.

Kisha sauti ya Chacha, haina pumzi:

"Boke! Boke, ngoja!"

Jina lake, wakuu. Aliita jina lake.

Na kutoka mbali, ndani kabisa ya weupe ule, kifua chote kikiwa wazi:

"Fuata nyayo!"

Nilichojifunza nitakisema kwa kifupi, maana nesi alishanifundisha nikamsikia nusu. Mtoto anayekua hahitaji kukondeshwa kwa njaa wala kwa maneno. Tumrudishie mwendo tuliomnyang'anya kwa mapenzi yetu. Apewe sababu ya kukimbia na watu wa kukimbia nao, na nyumba nzima ishiriki naye sahani moja, siyo yeye peke yake awekewe sheria. Na jina baya tulikatae mapema, kabla halijamzoea.

Narudi kwenye riwaya yangu. Ila nauacha mlango wazi: huko kwenu vijana wanatoa jasho kwa jambo gani, ngoma, mpira, shamba, kuchota maji? Na kama nawe uliwahi kudhaniwa mwizi kwa sababu ya mazoezi, vuta kiti, usinicheke peke yangu.