Shosho Aliyekataa Kuitwa Njaa

Usiniambie niliota. Nilikuwa nimesimama, nimeshiba, na kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwangu. Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, kazini, na mtu mwingine aliyekuwapo bado yu hai, ingawa hapendi kukizungumza. Najua wasimulizi wengi hukuletea usiku wa manane na mwanamke mwenye kwato. Mimi sina kwato za kukupa. Niliyemwona alikuwa amevaa raba za bluu zenye matope, na ilikuwa alasiri.

Nafanya kazi katika jumba kubwa la sanaa huku Nyeri, kando ya barabara ya kwenda Nanyuki. Zamani palikuwa shamba la kahawa. Kahawa iling'olewa, pakajengwa kumbi za kioo na saruji ambazo mwezi wa Julai huwa na baridi kuliko nje. Mimi ni mlinzi wa ukumbi. Nazuia watu wasiguse picha, na nawaelekeza vyooni. Wengi huuliza choo kuliko wanavyouliza picha.

Mkurugenzi wetu tunamwita Daktari, kwa sababu alituagiza tumwite hivyo. Ni mtu wa skafu. Husimama mbele ya picha akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama kuku aliyesikia kitu kwenye majani. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuzipa picha majina. Mchoraji alete mzee anayekama ng'ombe, Daktari ataiita "Ukimya". Wasichana wanaochuma majani chai aliwaita "Kumbukumbu ya Mwili". Nilimwuliza mwili wa nani. Alinitazama kwa huruma.

Picha iliyompa sifa ilikuwa kubwa kama mlango wa ghala. Mwanamke mzee, masikio yametobolewa matundu mapana ya kizamani, ameshika ungo mtupu mbele ya tumbo. Daktari aliiita "Njaa". Wageni walisimama pale wakaguna kwa uchungu, wakapigana picha wakiguna, kisha wakaenda kula keki katika mkahawa wetu. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameitaka, na sanduku la mbao la kuisafirishia lilikuwa limeegemezwa ukutani, tayari.

Alasiri hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mlimani hadi kwenye vioo, na ukumbini hamkuwa na mgeni. Nilitoka kuchukua chai. Niliporudi nilimkuta shosho mmoja, bibi kizee, ameketi kwenye benchi, mbele ya picha hiyo. Shuka begani, kitambaa kichwani, na zile raba. Alinisemesha kile Kiswahili ambacho wazee wetu hukitoa wakiona mtu wa sare.

"Wewe. Hapo chini imeandikwa nini?"

"Imeandikwa Njaa, shosho."

"Njaa ni nani?"

"Ni jina la picha."

"Hiyo uso ni yangu. Na hiyo ungo ilikuwa na maharagwe, mwitemania ya shamba yangu. Nani alimwaga?"

Nilimtazama, nikaitazama picha. Kovu la juu ya jicho lilikuwa lilelile, na matundu ya masikio yalikuwa yaleyale. Je, niliogopa? Hata kidogo. Nilidhani ni mama aliyechorwa, amekuja kuuliza, na kwa kweli nilifurahi kwamba leo Daktari atajibu swali.

Kisha akanieleza shida yake, bila haraka. Kijana wake wa mwisho, huko Kianyaga, amepata binti wa kwanza. Mtoto akapewa jina la mama wa baba yake, Wangechi, kama tunavyofanya sote huku. Na wewe kama ni wa huku unajua jambo hilo si mchezo. Mtoto huyo ndiye bibi mwenyewe aliyerudi. Baba yake humbeba akimwita maitu, yaani mama.

"Yeye ni mimi, na mimi ni yeye," shosho alisema. "Sasa mmeniita Njaa, na mtoto amekataa kunyonya. Anageuza tu uso. Toa hiyo jina kabla nipelekwe mbali nayo. Andika Wangechi wa Muriithi. Ama mnataka mtoto akufe juu ya karatasi?"

Nilimwita Daktari. Alikuja polepole, akasimama mlangoni, akainamisha kichwa upande.

"Shosho, hii ni sanaa," alisema. "Si kitambulisho."

"Mtoto hanyonyi."

"Mpelekeni hospitali. Na huyo Wangechi atanunuliwa na nani? Njaa ndiyo inauza." Akanigeukia. "Mpe chai na mandazi, aende."

Shosho hakukasirika. Alimtazama jinsi unavyomtazama mtoto wa jirani aliyekunya njiani.

"Jina haikai bila mtu, kijana. Nikiivua, itarudi kwa mwenye aliileta."

"Wacha irudi," Daktari alicheka. "Nitaipokea kwa mikono miwili."

"Umesema wewe."

"Nimesema."

Shosho alisimama, akakung'uta shuka. Maharagwe yakamwagika sakafuni, yale yenye madoa ya zambarau. Daktari aliyasukuma kando kwa ncha ya kiatu. Mimi niliinama kuyaokota, maana nililelewa vizuri, na nilipoinua kichwa shosho hakuwapo.

Sasa nisikilize vizuri. Ukumbi ule una mlango mmoja, na Daktari alikuwa amesimama ndani yake. Aliniuliza shosho amepita wapi, nami nikamwuliza hivyohivyo. Mzee Hassan wa langoni, mtu wa Nanyuki asiyemruhusu hata paka kuingia kabla ya kumwuliza atokako, aliapa kwamba siku nzima hakumfungulia shosho yeyote. Daktari alisema ni uzembe wa ulinzi. Akarudi ofisini. Hapo ndipo elimu yake yote ilipofikia.

Mimi sipendi jambo lililoachwa katikati. Nilimpigia mchoraji simu, akanielekeza hadi boma alikompiga mama huyo picha ya kuchorea. Nilimwuliza kuhusu ungo. Alikubali ulikuwa umejaa maharagwe. Aliyatoa kwa sababu Daktari alimwambia picha ya mwanamke aliyeshiba haina uzito.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Kianyaga. Mke wa yule kijana alinikaribisha ndani. Ukutani, juu ya redio, palikuwa na picha ya shosho wangu, imezungushiwa maua ya plastiki ya matanga.

"Huyo ni mama mkwe," aliniambia. "Alituacha kabla mtoto azaliwe. Tulimzika na raba zake za bluu. Hakuwa anataka viatu ingine."

Niliketi. Sikuombwa kuketi, niliketi tu.

Mtoto alikuwa mikononi mwa baba yake, karibu na jiko, mdogo kuliko alivyopaswa kuwa, ngozi ya mikono imelegea. Kliniki walikuwa wamempima wakasema hawaoni ugonjwa. Baba alikuwa akimnong'oneza, "Maitu, nyonya kidogo. Maitu, tafadhali." Mtoto akageuza uso ukutani.

Ningewaambia nini watu wale? Kwamba mtu wa skafu amemwita mama yao Njaa ili mgeni wa mbali apate cha kuhuzunikia sebuleni? Niliwaachia namba yangu ya simu, nikaaga, nikaondoka. Nilishukia kazini moja kwa moja, nikaingia ukumbini, nikaibandua karatasi ile kwa kucha. Nilichapa nyingine kwa herufi kubwa: WANGECHI WA MURIITHI, MKULIMA, KIANYAGA. Nikaibandika kwenye picha, na nyingine kwenye sanduku.

Jioni ile simu yangu ililia. Alikuwa mke wa kijana.

"Amenyonya," alisema. "Amenyonya mpaka ananiuma. Sijui hata kwa nini nakupigia wewe."

Nilimtafuta Daktari, nimweleze nilichofanya na anifukuze akitaka. Hakuwa ofisini. Nilimkuta jikoni kwa wafanyakazi, ameinamia sufuria ya githeri yetu, mahindi na maharagwe, anakula kwa mkono, na skafu imo ndani ya mchuzi. Sufuria ilikuwa karibu kwisha. Aliinua macho akaniuliza kama kuna nyingine.

Picha ilisafiri na jina lake, na mnunuzi hakulalamika. Mtoto Wangechi sasa anatembea, na mama yake ananiambia ni mnene. Daktari bado ni mkurugenzi, lakini hazipi picha majina tena. Ukimwuliza, husema mwulize mchoraji. Amekonda hadi saa inazunguka mkononi. Madaktari wa kweli wamempima na hawaoni ugonjwa. Kila alasiri huendesha gari hadi Chaka kula nyama, na akimaliza huagiza tena, na akiagiza macho yake hujaa machozi. Nimejaribu kumhurumia. Nikikumbuka kile kiatu na yale maharagwe, huruma hainijii.

Wachoma nyama wa pale hawajawahi kukanyaga jumba letu. Lakini siku moja nilikuwa nimeketi kona, nikawasikia wakiambiana gari lake lilipoingia, "Ongeza makaa, Njaa amefika." Niliwauliza nani aliwaambia jina hilo. Walinishangaa. Ati si ndilo jina lake?

Basi wewe unayempiga picha mama wa watu shambani kwake, kisha ukaandika chini yake neno la kuliza wageni, mwulize kwanza anaitwa nani. Akikuambia, andika hivyohivyo. Na kama ungo wake umejaa, uache umejaa.