Tanga Nililolishona Kashaulili

Nilikwenda Karema kwa hasira, sitawadanganya. Mimi ni fundi cherehani wa Kashaulili, nyie wa Mpanda mnanijua. Kwa miaka mitatu nimejisifu kwa kila mteja kwamba tanga la Nyuki limetoka kwenye cherehani yangu. Nyuki ni ile mashua ya mashindano iliyotoka Katavi kwenda kushindana na mashua za Burundi, Kongo na Zambia kwenye Ziwa Tanganyika. Ilishika mkia. Sikuumia sana, kwa sababu mimi si nahodha. Halafu mwezi uliopita muuza dagaa mmoja akaniambia, mbele ya wateja, kwamba huko Karema wapo wanaosema tanga ndilo lililowaangusha. Jamani, tanga langu! Kesho yake nikafunga duka, nikampigia simu nahodha kwamba naja, nikatia mkasi na uzi kwenye begi kwa mazoea tu, nikaenda kulitetea jina langu.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka stendi ya Mpanda. Jirani yangu wa kiti alifanya kosa la kuniuliza nafuata nini Karema. Nikamweleza tangu mwanzo. Tulipita Kabungu bado namweleza, na kufika Sibwesa alikuwa amelala, au alijifanya amelala. Nikabaki naangalia miombo na vumbi. Nilizaliwa Inyonga, kwenye tumbaku na asali, na maji mengi niliyoyajua ni ya mto kufurika wakati wa masika. Ziwa sikuwahi kuliona. Yaani nilishona tanga bila kuona hata siku moja tanga likivuta mashua, na jambo hilo halikunishtua hata kidogo.

Mchana, Karema. Ziwa ni kubwa bwana, wacha nisiseme mengi. Nahodha wa Nyuki, Gervas, ni mtu mwembamba, mpole, anayeongea kama anaomba ruhusa. Mkewe, Mama Regina, alinikaribisha ugali na migebuka kabla sijafungua mdomo, na si rahisi kugomba ukiwa umeshiba samaki wa watu. Kwa hiyo nikaomba kwanza nisimuliwe habari za hiyo mashua.

Ilianza kwa ubishi, Gervas alisema. Watu wa mashindano waliuliza kama Katavi kuna kitu zaidi ya viboko. Wazee wakachukia, wakaapa kuunda mashua. Mbao za mninga zikatoka Inyonga, pamoja na nta ya kupaka chini ili maji yateleze, ndiyo maana ikaitwa Nyuki. Aliyeiunda ni fundi wa Katumba, aliyerithi kazi kwa baba yake aliyetoka Burundi. Tanga wakaniagiza mimi, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi. Nililishona kwa mistari iliyonyooka, nikalipiga pasi mpaka likalala kama shuka ya hospitali.

Nikamuuliza moja kwa moja kwa nini walishindwa. Akasema alikosea yeye, alichelewa kugeuza mashua. Basi, yakaisha. Nilifurahi, nakiri, nilifurahi kabisa.

Jioni, jikoni, Mama Regina aliniambia yaliyobaki. Tangu mumewe aliposema mbele ya watu kwamba kosa ni lake, hakuna kijana wa Karema anayekubali kupanda mashua naye. Mashindano mengine ni mwezi ujao, Nyuki inataka mabaharia watano, naye hana hata mmoja. Asipowapata haiendi, na wazee wameshaanza kusema iuzwe.

Asubuhi ya siku ya pili niliomba kuonjeshwa ziwa kwa Nyuki kabla sijarudi zangu. Tukatoka wawili, Gervas na mimi, taratibu, karibu na ufukwe. Nikalitazama tanga langu kwa mapenzi. Mara akatokea mvuvi na kimtumbwi chake, tanga lake la viroba vya mbolea vilivyoungwaungwa, akatupita. Akatupungia mkono. Viroba vyake vilikuwa vimevimba kama mama wa miezi minane, na langu limenyooka, linapigapiga tu, upepo unateleza pembeni.

"Nahodha," nikasema, "kosa ni tanga."

"Upepo wa leo mdogo, mama."

"Usinidanganye. Mimi nashonea wajawazito kila siku. Tanga hili halina tumbo."

Kisha akasema, "Ulilituma na barua, mama. Uliandika kwamba hiyo ndiyo kazi bora ya maisha yako. Ningeanzia wapi kukwambia?"

Nililia palepale juu ya maji, na yeye akajifanya anakaza kamba.

Siku mbili zilizofuata nilikaa barazani kwake na cherehani ya kuazima. Nilifumua mshono mmoja mmoja. Kila kipande nikakikata kwa mviringo ukingoni, kama ninavyokata gauni la mjamzito, ili vikiunganishwa kitambaa kipate nafasi ya kujaa. Kazi naijua miaka yote. Ni kwamba sikuwahi kuuliza tanga linafanya nini.

Siku ya tano asubuhi tuliliteremsha ufukweni. Watu wakajaa, wengine wamekuja kucheka. Ningeweza kunyamaza, tanga likavuta, watu wakasema nahodha amebadilika. Nilifikiria hivyo, msidhani sikufikiria. Lakini mficha uchi hazai. Nikasimama kwenye mchanga.

"Miaka mitatu mnamlaumu mtu asiye na kosa. Tanga lilikuwa baya, na nililishona mimi."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja mnene akavua viatu, akaingia majini, akapanda Nyuki. Akafuata mwingine. Walihitajika watano, wakapanda tisa, ikabidi Gervas awashushe wanne kwa kuwabembeleza. Mama Regina alikuwa amesimama karibu yangu, hatazami mashua, anamtazama mumewe.

"Hata mimi, baba Regina?" akamwambia. "Hata mimi hukuniambia?"

Gervas akakuna kichwa, akashika usukani. Tanga likajaa, na Nyuki ikatoka kwa kasi ambayo ilinifanya nikae chini.

Kesho yake nilipanda basi kurudi. Sijui mwezi ujao watashika nafasi ya ngapi, na nikiwaambia najua nitakuwa nimerudia majivuno yaleyale. Nilichojifunza ni kwamba kosa ukilikataa halipotei, analibeba mtu mwingine, na mara nyingi ni mtu mpole. Langu lilibebwa na Gervas miaka mitatu. Na siku niliposhuka Karema kwenda kumgombeza, alikuja stendi kunipokea, akaninyang'anya begi akalibeba yeye.