Kitabu Chini ya Msalaba

Binti yangu alikiweka kile kitabu chini ya kitambaa cheupe kwa nia njema kabisa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukiishi Malton, karibu na uwanja wa ndege wa Toronto. Jumuiya yetu ndogo ya Wakatoliki tunaosali kwa Kiswahili ilizunguka nyumba hadi nyumba kila Jumamosi mchana, na siku hiyo zamu ilikuwa yetu. Nilimwambia aandae meza ya sala: kitambaa, mishumaa miwili, msalaba katikati. Msalaba wetu ni mfupi, mishumaa ikauzidi kimo. Akachukua kitabu kinene cha chuoni, akakifunika kwa kitambaa, akausimamisha msalaba juu yake.

Tulipomaliza rozari, mwenyekiti wa jumuiya, mama wa makamo, akaanza kunisaidia kukusanya vitu. Alipokunja kitambaa, kitabu kikajitokeza. Kwenye jalada kulikuwa na mtawa wa kanzu nyeusi akikumbatiwa na shetani mwenye pembe.

"Haya, mama," akaniambia, "kumbe leo tulikuwa tunamwomba nani?"

Mwingine angecheka. Mimi damu ilinipanda. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo, nimepika pilau bila kulala, na sasa nimeaibika ndani ya nyumba yangu. Nikamwita binti yangu, msichana wa miaka kumi na tisa, asimame mbele ya watu aeleze.

Alijitahidi, maskini. Alisema ni riwaya ya kutisha ya Uingereza, ya miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, kuhusu mtawa anayesifika kwa mahubiri kisha anazama kwenye dhambi nzito.

"Mwandishi alikuwa kijana tu, Mama, almost umri wangu. Watu walipiga kelele, wakasema anatukana dini, mpaka akaogopa, akakata vipande mwenyewe. Na bado walikuwa wanakisoma! That's my paper, hiyo ndiyo insha naandika."

Macho yalikuwa yanamng'aa. Tangu utotoni hakuwa ameongea Kiswahili kirefu namna ile mbele ya watu.

"Omba radhi," nikamwambia.

"Kwa nini? Mama, sijafanya..."

"Iombe radhi jumuiya."

Akaomba. Wageni walipoondoka nilikitupa kitabu kwenye pipa la taka la jengo, pamoja na maandishi yake ya penseli yaliyojaa pembeni mwa kurasa. Nilijiona mama shupavu. Mwaka uliofuata aliacha fasihi, akahamia uuguzi, nami nikawatangazia wanajumuiya kana kwamba nimeshinda kesi.

Ilipita miaka kama kumi ndipo nikakiazima maktaba, nikakisoma mwenyewe. Kiingereza chake ni kigumu. Nilikwenda nacho kwenye basi la kazini, kurasa tatu tatu. Kuna machafu mle, sikatai. Lakini mapema tu yule mtawa anaiona barua ya mapenzi aliyoandikiwa mtawa wa kike, msichana aliyekosea. Msichana anampigia magoti asimshitaki kwa mama mkuu. Naye, kwa kujiona safi, anamkatalia. Hapo nilikifunga kitabu, nikapitiliza kituo changu. Nilijuta sana siku ile, na sijaacha kujuta.

Nikaamua kumwambia hivyo binti yangu ana kwa ana. Wakati huo alikuwa anaishi Regent Park, katikati ya jiji, kwenye majengo mapya, na alikuwa amenialika chakula cha mchana. Siku hiyo nilifika nusu saa kabla ya muda. Jirani yake alinifungulia mlango wa chini, nikapanda, nikakuta mlango wake haujafungwa. Alikuwa sebuleni amebeba vitabu hadi kidevuni, anavipeleka chumbani. Rafu ukutani ilikuwa nusu tupu.

"Umewahi, Mama," akasema kwa upole, bila hasira yoyote. "Ngoja nimalize, halafu tule."

"Unahama?"

"Hapana. Huwa navitoa tu ukija."

Nikakaa kwenye kochi na koti langu mwilini, nikimtazama akirudi kuchukua vingine. Kila nilipomtembelea pale, nilikuwa nikimsifu kwa sebule yake safi.