Kidole cha Delko kwenye Barabara ya Kabambare

Siku yangu ya kwanza garajini sikugusa gari hata moja. Shefu wa garaji, Mbelgiji mrefu mwenye kofia ngumu, alinipa debe la mafuta ya taa, brashi, na rundo la nati zilizoganda grisi. Akasema, "Osha." Nilipomaliza alizitazama, akanipa rundo jingine. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni hapa Kasongo, najua kusoma na kuandika, na nyumbani nilikuwa nimeshajitapa kwamba nimepata kazi ya injini. Jioni mama yangu alinusa nguo zangu akaniuliza kama hiyo injini ilinitapikia.

Garaji ilikuwa mali ya kampuni ya pamba. Msimu wa mavuno makamio yake, yaani malori, yalivuka Mto Luama na kuingia upande wa Kabambare, kwa Wabangubangu, kukusanya magunia ambayo wakulima walilazimishwa kuyajaza. Barabara ilikuwa udongo mwekundu na madaraja ya magogo. Kamio likikwama, sheria ilikuwa moja: shofere haachi gari wala mzigo. Atalala chini yake, atakula atakachopewa na wanakijiji, atasubiri. Akiondoka na gunia likapotea, ni gereza na fimbo. Nimeona mashofere waliorudi wamekonda hata wake zao wakawatazama mara mbili kabla ya kuwapokea.

Na walitujulishaje kilichoharibika? Wengi wao hawakujua kuandika, na majina ya vyuma yalikuwa vurugu tupu: Mbelgiji alisema lake, sisi letu, watu wa kila kijiji lao. Basi shofere alikitoa kile chuma kilichokufa, akakifunga kwa jani la mgomba, akampa mtu yeyote anayekuja Kasongo. Kifurushi kilipita mkono kwa mkono mpaka kwenye meza yetu ya kazi. Tulikifungua, tukajua shida, tukafunga kipya, na mtu wa baiskeli akakipeleka. Kila shofere alikuwa na fundo lake, kwa hiyo tulijua ni nani hata kabla ya kuuliza. La Ramazani lilifungwa kwa uzi mweupe, maana mkewe, Mama Zaina, alishona kofia za msikitini na mifuko ya mumewe haikukosa nyuzi.

Ramazani alikuwa jirani yangu. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu wa familia ya zamani ya hapa mjini, na ukuta wa nyumba zetu ulikuwa mmoja. Aliniita yaya, kaka mkubwa, ingawa nilimzidi kidogo tu. Alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa akisema kwamba kamio lake linampenda kuliko mkewe, kwa sababu mkewe humruhusu aondoke.

Baada ya kuosha nati nilijifunza kusaga valvu, yaani kuzisugua kwenye viti vyake mpaka zikae bila kuvujisha pumzi. Kisha nikapelekwa depo ya Kabambare, chini ya Bwana Depo, mnene mwenye jasho, aliyeniambia neno ambalo sikulisahau: "Gari haikufe kwa uzee. Inakufa kwa kiu." Alimaanisha grisi na mafuta. Nilimheshimu kwa hilo, na kwa hilo tu. Niliporudi Kasongo nilikuwa fundi mekanisiye kamili, chini ya Kapita Lubunga, Mzimba mwenye mikono mipana ambaye ndiye aliyesimamia wafanyakazi wote weusi wa garaji.

Nyuma ya garaji kulikuwa na gari dogo kuukuu. Lilikuwa la Mgiriki mmoja mwenye duka, aliyelitumia kusambaza mikate na vitambaa. Bodi yake ilikuwa ya mbao na mabati, yenye milango miwili kwa nyuma. Mchwa walikuwa wameanza sakafu na kuku walikuwa wamemaliza viti. Shefu alilipata, sijui kwa mapatano gani, akatukusanya akasema, "Hii itakuwa atelye ya kutembea. Kamio ikikufa njiani, atelye inaifuata kule kule."

Karakana yenye magurudumu! Sitaficha furaha yangu. Nilifikiria mashofere wote waliolala chini ya makamio nikaona mwisho wa mateso yao. Tulilifanyia kazi gari lile kama watu wanaojenga nyumba ya harusi. Tulifungua injini yote. Tuliyeyusha regile, ile risasi nyeupe laini, tukaimwaga upya katika vikombe ambamo mhimili wa injini huzungukia, kisha tukaikwangua kidogo kidogo mpaka mhimili ukazunguka kwa kidole. Seremala alibadilisha sakafu. Tukafunga meza ya kazi ndani, na jiliwa la kubania vyuma, na droo za nati. Kila mmoja wetu alitaka chombo chake kiende. Mhunzi hakukubali fuawe yake ibaki, hata mivuo yake ya kupulizia moto. Shefu alifurahi, akaongeza mtungi wa gesi ya kulehemu. Kapita Lubunga alizunguka nyuma, akabonyeza resori, zile springi zinazobeba uzito, kwa mguu.

"Gari hii ilizoea mikate," alisema.

Tulicheka. Na yeye mwenyewe alicheka, kisha akaleta kisanduku chake cha patasi akakiweka ndani.

Ramazani alipita siku moja kabla hajaenda kubeba pamba. Akapanda, akakaa juu ya meza ya kazi, akachezesha mkono wa jiliwa.

"Yaya, siku minakwama, ukuje na hii. Mimi nitapika chai, weye utatengeneza."

"Sukari iko?"

"Sukari utaleta weye. Gari yote hii inakosa nafasi ya sukari?"

Ndivyo tulivyoagana.

Kifurushi chenye uzi mweupe kilifika wakati tunapaka gari rangi. Kililetwa na mchuuzi wa samaki wa Nyangwe aliyekuwa ametoka upande wa Kabambare kwa baiskeli. Ndani ya jani kulikuwa na kidole cha delko. Delko ni kile kikombe kinachogawa moto wa umeme kwa kila silinda, na kidole ni kipande kidogo cheusi kinachozunguka katikati yake. Hakizidi kidole gumba changu. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ufa huo ulitosha kulifanya kamio zima liwe jiwe.

Mchuuzi akasema, "Mwenyewe iko na homa. Anatetemeka. Alisema mufanye mbio."

Kidole kipya kilikuwa kabatini. Nilikitoa, nikakifunga, nikamwomba Shefu ruhusa ya kumtuma mtu wa baiskeli mara moja, pamoja na kwinini. Shefu alinitazama kama niliyemtukana.

"Nimejenga atelye nzima, halafu nitume piesi kwa baiskeli? Weye utaenda na gari."

"Ndiyo, Shefu. Niende leo."

"Leo hapana. Bwana mukubwa wa teritwari atakuja kuiona kwanza. Haitoke mbele ya yeye kuiona."

Huyo bwana mkubwa, Mzungu mtawala wa wilaya yetu, alikuwa safarini, akihesabu watu vijijini. Tulisubiri. Gari lilikuwa limekamilika, tangi limejaa, nami nilikaa kwenye usukani nikiwa na kidole mfukoni. Niliomba tena. Kapita Lubunga naye aliomba, akiwa ameshika kofia mkononi. Shefu alimjibu, "Shofere wangu wanajua kusubiri." Hapo niliona ukweli wa kazi yangu. Gari tulilolijenga kwa ajili ya mtu aliyekwama lilikuwa limekuwa sababu ya yeye kuendelea kukwama. Kila asubuhi Mama Zaina aliniuliza juu ya ukuta, "Bado?" nami nikamjibu, "Bado." Nilianza kutoka nyumbani kabla hajaamka.

Mwishowe bwana mkubwa akaja. Alifungua milango ya nyuma, akaifunga, akasema ni kazi nzuri, akaenda kula. Mimi na shofere aliyepewa gari lile tuliondoka palepale.

Tulivuka Luama salama. Mbele yake, kwenye mlima wa kwanza, nilisikia mlio kama wa mfupa, na gari likaanza kurudi nyuma huku injini inanguruma. Niliruka chini nikaweka jiwe kwenye gurudumu. Mhimili wa nyuma, ule unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, ulikuwa umekatika. Fuawe, mivuo, mtungi, jiliwa, visanduku vyetu vyote vya mapenzi vilikuwa vimekaa juu ya mifupa iliyozoea mikate. Ndani ya gari mlikuwa na kila chombo cha kutengenezea gari, na hapakuwa na kimoja kinachoweza kuunga mhimili ule. Nilikaa chini nikalia mbele ya shofere mwenzangu, wala sikuona haya.

Yeye alibaki kulinda, kama sheria ilivyotaka. Mimi nilitembea. Katika kijiji kimoja katekista aliniazima baiskeli bila kuuliza maswali. Basi, baada ya rangi yote ile, kidole kilikwenda kwa baiskeli.

Kamio lilikuwa kando ya njia, limefunikwa turubai vizuri, magunia makavu. Mzee wa kijiji alikuwa amekaa kivulini mwake. Aliponiona na nguo za kampuni alisimama.

"Tulimwambia akuje kulala ndani ya nyumba," alisema. "Alikataa. Alisema, pamba itaibiwa, nitafungwa. Tukamuletea moto hapa chini ya motokari."

"Iko wapi sasa?"

Alinionyesha kwa kidevu. Kaburi lilikuwa bichi. Wale hawakuwa Waislamu, lakini walikuwa wamemsimamisha mfanyabiashara mmoja mpita njia, wakamuuliza namna ya kumlaza, wakamlaza kwa ubavu wa kuume kama inavyotakiwa. Pembeni mwa kamio kulikuwa na birika na vikombe viwili.

Nilifungua boneti. Nikafunga kidole mahali pake. Kazi hiyo haihitaji hata bisibisi. Nikazungusha maniveli, ule mkono wa chuma wa kuwashia, mara moja tu, injini ikawaka. Watoto wa kijiji wakapiga vigelegele.

Nilirudi na kamio lile, nikavuta atelye kwa mnyororo mpaka Kasongo. Shefu alipanda juu, akaingiza mkono katika magunia, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Unaona? Pamba haikulowa." Gari la atelye halikutoka tena. Lilisukumwa nyuma ya garaji, na kuku wakarudi.

Mimi nilibaki katika kazi hiyo. Nilikuwa na watoto. Mashefu walibadilika, wazungu wakaondoka, makamio yakaisha, nami nikastaafu na mgongo mbovu na mikono ambayo sabuni haijaishinda. Vijana wanaotengeneza pikipiki pale sokoni huniita fundi mkubwa na kuniuliza kama kazi ile ilikuwa na faida. Nawaambia najua kusaga valvu na kumwaga regile. Zaidi ya hapo sijui, na sitawadanganya kwamba uzee umenijulisha.

Ninachokumbuka ni mlango wa jirani yangu. Mama Zaina alikuwa kwenye eda, nyuma ya pazia, sikumwona uso. Nilimwambia yote. Akauliza kamio lilikuwa na ugonjwa gani uliokosa dawa muda wote ule. Nilikuwa bado na kile kidole cha zamani, katika jani lake lililokauka, na uzi wake. Nikakipitisha kando ya pazia. Mkono ukakipokea. Nikasikia anafungua fundo, polepole, bila kuukata uzi.

"Hii tu?"

"Ni hiyo tu, Mama Zaina."