Tumekuachia Taa

Mjini kwetu Likasi watu hawasomi barua pepe. Nilimwambia patron, mwenye duka, hivyo siku ile ile aliponipa kazi, naye akanijibu kwamba mainjinia wa migodini wanasoma, makarani wa viwandani wanasoma, na hao ndio wanaonunua batri kubwa. Patron wangu ni Mwislamu, baba yake alikuja huku kutoka Maniema akiwa dereva wa lori, na duka lake liko karibu na soko: paneli za jua, batri, taa, nyaya. Koni wanakozalisha umeme si mbali na sisi, lakini umeme wenyewe unakuja kwetu kama shemeji mwenye kiburi, ukijisikia. Ndiyo maana duka linaishi. Rafiki yake wa Lubumbashi alikuwa amemtia maneno kwamba siku hizi mfanyabiashara anawafuata wateja ndani ya simu zao, basi akanigeukia mimi, kwa kuwa nilisoma shule kule Mulungwishi na Kifaransa changu hakitii aibu, akataka barua moja kila wiki.

Kuandika si taabu. Taabu ni kupata la kusema. Batri ni batri. Ukishasema inaweka umeme na bei imeshuka, umebaki na nini wiki inayofuata? Nilianza kwa kuiga barua za maduka ya Ulaya zinazozagaa mtandaoni, mteja mpendwa huku, furaha kubwa kule, nikajiona mtaalamu kweli kweli. Orodha ya wateja ilikuwa bado fupi, nikaijaza kwa jamaa na marafiki, na wa kwanza kabisa niliyemtia alikuwa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, kifungua mimba wa mama yetu, karani katika ofisi ya kiwanda kimoja hapa mjini. Alinipigia simu akicheka mpaka akashindwa kusema.

“Unauzisha batri ao unahubiri?” aliniuliza. “Andika vile unasemaka na miye ku telefone. Hapo njo bantu batasoma.”

Nilinuna, kwa sababu mimi ni mtu wa kununa, lakini wiki iliyofuata nilifanya kama alivyosema. Nilikaa nyuma ya duka kati ya makatoni, nikaweka simu sikioni bila kumpigia mtu, nikaanza kumsimulia yaya kwa sauti ya chini, kwa Swahili yetu ya hapa. Nilimweleza habari za kinyozi wa njia ya soko ambaye umeme ulimkatikia katikati ya kazi, mteja wake akaenda harusini na nusu ya kichwa imenyolewa. Kisha nikayahamishia maneno yale kwenye Kifaransa polepole nisiyaue. Kichwa cha barua kilikuwa “Nusu kichwa”. Watu walikuja dukani kuuliza ni kinyozi gani, na baadhi yao waliondoka na batri.

Tangu hapo sikuandika kwa namna nyingine. Nilizunguka mji nikiokota maneno: mama anayepiga pasi kwenye kona, mafundi wa kuchomelea vyuma wanaotukana waya, wauza samaki wa barafu wanaoshusha bei haraka umeme ukiondoka. Kila nilichookota nilimsimulia yaya kwanza, ndani ya simu isiyopiga. Barua ikishaenda, yeye wa kweli alipiga kunitania. Asipopiga nilijua barua ni mbaya.

Niseme pia jinsi barua zilivyokwenda, kwa sababu ndipo mambo yalipoanzia. Niliandika barua moja tu, na mashini, yaani kompyuta ya duka, iliituma kwa wote, ikiweka yenyewe jina la kila mtu pale juu: habari yako fulani. Halafu ilinionyesha ni nani amefungua na nani ameipita.

Yaya aliugua kifua msimu wa mvua. Hospitali haikumweka sana, akafia mle mle. Patron alikuja kwenye kilio na magunia ya mchele, akakaa kwenye mkeka na kofia yake kati ya akina mama wa parokia waliokuwa wakiimba, akalia nao. Mimi sikuweza. Nilihangaika na mahema na viti, nikagombana na mwenye viti.

Mtaani kwetu mama alikuwa akiitwa kwa jina la yaya, kama ilivyo desturi: Mama wa fulani, kifungua mimba wake. Tangu nikiwa mdogo sikusikia jirani akimwita vingine. Baada ya mazishi watu waliogopa. Jina la marehemu kwetu haliitwi ovyo mpaka limepewa mtoto mwingine, na mtoto hakuwapo, kwa kuwa yaya hakujaliwa kuzaa na mimi sijaoa. Basi majirani wakaanza kusema mama tu, au mama mzee, wengine walimeza neno katikati na kukohoa. Sikufikiria sana jambo hilo wakati ule. Nilimwona mama amenyong'onyea, nikadhani ni huzuni tu.

Dukani nilikauka. Niliweka simu sikioni nyuma ya makatoni, sikupata wa kumwambia. Barua zilitoka baridi kama tangazo la hospitali, wateja wakaacha kufungua, na patron akaniambia bila ukali kwamba hali ikiendelea hivi atanirudisha kaunta, barua tuziache. Niliandika moja zaidi, mbaya kama zile nyingine, nikaituma. Kisha nikatazama nani amefungua.

Yaya alikuwa amefungua.

Nilijiambia ni kosa la mashini. Wiki iliyofuata alifungua tena, kabla ya wengine wote, na jioni akafungua mara nyingine. Nilimpigia shemeji yangu, mume wake, ambaye alikuwa amerudi kazini Kolwezi. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka simu ya marehemu iko wapi. Akasema hajaiona tangu hospitali, alidhani imeibiwa pale kitandani. Sikumwambia mtu.

Nitasema wazi kwamba niliogopa, na kwamba chini ya hofu nilifurahi. Nilirudi kwenye makatoni nikaweka simu sikioni. Sikumsimulia tena habari za vinyozi. Nilimuuliza yaya huko aliko kuna mwanga au hapana. Nilimwambia kwamba mama anaacha taa ya barazani ikiwaka, na anayepita hajui inamngoja nani. Nilipohamishia kwenye Kifaransa nilitoa yaya, nikatoa mama, nikabakiza taa ya baraza. Kichwa nilikiita “Tumekuachia taa”. Sijawahi kuona barua ikifunguliwa vile. Watu walikuja kununua taa ndogo za jua za kuweka mlangoni, mwingine aliniambia kijana wake yuko Shinkolobwe, kwenye mgodi uliofungwa, anachimba kwa kujificha na harudi kwa saa inayojulikana. Patron alisugua mikono, akaniuliza mawazo haya nayatoa wapi. Nilimjibu kwamba yanakuja tu.

Yalikuja kweli, wiki baada ya wiki, na kila mara yaya alikuwa wa kwanza kufungua. Niliacha kula vizuri. Nilikuwa nikimuuzia maiti batri, na maiti alinisoma kuliko walio hai.

Mwisho wa mwaka patron alitaka orodha isafishwe: waliohama, waliobadili anwani, waliokufa. Alikaa karibu nami tukipitia kutoka chini, na tulipofika juu kabisa aliweka kidole kwenye jina.

“Na dada yako, umutoshe,” aliniambia kwa upole. “Haifai kumwandikia mutu mwenye iko kwa Mungu.”

Nilimtoa. Nilibonyeza mwenyewe, na nilihisi nimemfukia mara ya pili. Barua iliyofuata nilishindwa kabisa kuiandika, nikatuma ya mwaka uliopita nikiwa nimebadilisha bei.

Siku ya Jumapili baada ya misa nilipita kwa mama kama kawaida. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mlangoni, kwenye mapaja ana kitenge kimefungwa fundo. Alilifungua, akatoa simu ya yaya. Aliichukua hospitali siku ile, kabla ya yeyote kukumbuka vitu, na tangu hapo alikuwa akiinunulia vocha na kuichaji kwa taa ya jua niliyomletea mimi kutoka dukani.

“Papa, unitazamie hii telefone,” aliniambia, akiniita baba kama mama zetu wanavyowaita wana wao. “Haileti tena.”

Nilimuuliza haileti nini. Alinionyesha kwa kidole: barua zangu, zote, moja juu ya nyingine. Mama hajui Kifaransa, na kusoma hakusoma. Lakini neno lile moja la pale juu analijua, kwa sababu alilishona kwa uzi mwekundu kwenye kola za yaya miaka yote ya shule. Alikuwa akifungua kila barua ili kulitazama.

“Bantu bote banaogopa kuita jina yake,” alisema. “Hata miye habaniitake tena. Ile mashini yenu tu njo haikuogopa.”

Niliwaza jinsi ya kumweleza orodha ni nini, na kusafisha ni nini, na kwa nini patron alikuwa na haki. Aliniona naigeuzageuza simu mkononi, akadhani nawaza jinsi ya kuieleza mashini. Alinishika mkono.

“Usiiambie kama alikufa.”

Jumatatu nilimrudisha yaya juu ya orodha, mahali pake. Nilimweleza patron kila kitu, naye akasema hajaona kitu, akaenda kuswali. Niliandika barua kuhusu nyaya, habari ndogo tu isiyo na mzuka wowote, nikaipanga mashini iitume baada ya nusu saa, nikaaga kwamba naenda kumwona mteja.

Nilisimama nje ya ua wa mama. Nilisikia simu ikilia ndani, kisha kiti kikisogea. Akalisoma jina kwa sauti, ile sauti aliyokuwa akimwitia yaya aje kula tukiwa watoto. Aliita mara moja, akangoja kuitikiwa.

Sikuingia. Nilingoja naye.