Mbao Zenye Macho

Kijijini Mbwera, ngoma bila Hajira binti Mfaume ni kelele tu. Ndiye manju: akitunga mchana, jioni kijiji kizima kinaimba, na aliyesemwa anapata safari ya ghafla ya kwenda Mohoro. Lakini sifa haziivishi wali, kwa hiyo alikuwa pia mfuaji wa mashuka katika hoteli ya watalii kando ya mto.

Hoteli ile ilikuwa na ukarimu mwingi, hata ikaugawa mafungu mawili. Palikuwa na gati la mbao lililopigwa msasa, la wageni, na pembeni yake tope la wenyeji. Hakuna aliyeandika popote kwamba mgeni maana yake mtu mweupe. Kuandika kungekuwa ubaguzi, na meneja, Mzungu mstaarabu, alichukia sana ubaguzi. Kazi hiyo alimwachia Hemedy, msimamizi wa boti, mtoto wa dada yake Hajira, ambaye aliisoma ngozi bila kuhitaji maandishi.

Siku moja boti ilileta Wazungu wawili pamoja na Bi Habiba, mhandisi kutoka Dar es Salaam. Wazungu wakapanda gatini. Bi Habiba alipoinua mguu, Hemedy akamzuia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama. Wenyeji wanateremkia kule."

"Marahaba. Mimi ni mgeni, mwanangu. Nina chumba hapa."

"Najua, mama. Ila ndio utaratibu."

Basi kwa heshima ya utaratibu, mama wa watu akazama topeni hadi magotini. Hajira, aliyekuwa akianika mashuka, alimkimbilia, akamshika mkono, akamwosha miguu. Bi Habiba hakufoka. Alisema tu, "Na hapa ndio kwetu." Maneno hayo yalimkaa Hajira kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki ile kulikuwa na harusi. Hajira akaingia uwanjani akatoa wimbo:

"Mbao zina macho, zachagua ngozi,
Tope halina choyo, lapokea wote."

Watu walicheka, kisha wakaitikia kwa nguvu. Vijana wakaurekodi kwenye simu. Ukafika Bungu, ukafika Kibiti. Manahodha wa boti wakawa wanauimba kila wanapokaribia hoteli.

Meneja akaupenda mdundo. Akamuuliza Hemedy maana yake.

"Unasifia gati letu, bosi," Hemedy akajibu, jasho likimtiririka.

Meneja akafurahi, akaamuru uimbwe kila wageni wanapowasili. Haijapata kutokea amri ya hoteli ikatiiwa kwa bidii kama ile.

"Mama mdogo, utanifukuzisha kazi," Hemedy akamlalamikia Hajira.

"Kwani nimekutaja wewe? Nimetaja mbao."

Lakini wimbo ukiimbwa kila siku humwingia hata mwimbaji. Wanawake wafuaji, wapishi na wauza samaki waliokuwa wakishukia topeni miaka yote bila neno wakaanza kuulizana kwa nini. Asubuhi moja, boti ya watalii ilipotia nanga, wanawake hao waliingia gatini kwa mstari, Hajira mbele, wakiimba. Wageni wakapiga makofi na picha. Meneja akanyanyua mkono awazuie, akakumbuka kwamba wimbo ni amri yake, mkono akaugeuza kuwa salamu. Akamtazama Hemedy. Hemedy alisimama katikati ya njia, akamwona mama yake mdogo anakuja peku, akasogea kando. Midomo yake ilikuwa ikiitikia.

Hajira baadaye alisema kwamba mbao zenyewe hazikuwa na ajabu: zilikuwa za moto, na moja ilimchoma kibanzi unyayoni. Alitembea juu ya mbao hizo hadi mwisho, akageuka, akarudi tena, machozi yakimtoka.

Tangu siku hiyo wote wanapita gatini. Meneja huwaambia wageni kwamba hoteli yake haijawahi kumbagua mtu, na Hajira, akisikia hivyo, hukung'uta shuka kwa kishindo kikubwa kuliko kinavyohitajika.